Arosto ya siku ya tatu

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, watoto wamelala, umeme upo, basi leo tuongee kwa kirefu. Najua niliahidi kuendelea na chanjo. Tutarudi huko. Kuna swali limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita na nisipoliandika sitalala.

Mama mmoja alikuwa amelazwa wodini na mtoto wake wa miezi saba. Nimonia, mara ya tatu tangu azaliwe. Nyumbani ni chumba kimoja, baba anafanya kazi kwenye maduara ya dhahabu, na anavuta ndani. Daktari akamweleza yule baba ukweli wote kuhusu moshi na mapafu ya mtoto. Baba wa watu hakubisha. Alitoka nje, akaikanyaga pakiti yake, akasema imetosha.

Siku ya tatu mama akanivuta pembeni. "Sista, huyu mwanaume kageuka. Hali, halali, jana kamfokea mwanangu mkubwa mpaka akajikojolea. Hivi nisimnunulie hata moja tu, nyumba itulie?"

(Nimemwomba ruhusa ya kuandika, na mambo mengine nimeyabadilisha asijulikane.)

Nilikuwa na dripu mkononi, nikamjibu kwa kifupi: usimnunulie, vumilia kidogo, itaanza kushuka. Akaguna. Na alikuwa na haki ya kuguna, maana jibu kama hilo halimsaidii mtu anayerudi kulala chumba kimoja na simba. Jibu lenyewe ni refu na lina historia ndani yake. Ile hali iliyompata mumewe, ambayo vijana wanaiita arosto, haikuanzia kwake. Imetengenezwa hatua kwa hatua, kwa karibu miaka mia mbili, na hatua nyingine zimepita kwenye mashamba yetu haya haya.

Twende taratibu.

Mmea wa tumbaku asili yake ni Amerika. Ulianza kufika Afrika katika karne ya 16 kwa meli za Wareno na wafanyabiashara wengine. Hata neno nikotini limetokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa kule Lisbon, ambaye karibu mwaka 1560 aliwapelekea wakubwa wa nchi yake tumbaku akiisifia kuwa ni dawa. Dawa! Huku kwetu ikazoeleka vizuri tu. Mwingereza Richard Burton alipita Unyamwezi mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, na ameandika jinsi alivyowaona wanawake wa kijiji kimoja, kuanzia bibi kizee mpaka binti, wamekaa jioni kwa mzunguko kwenye vigoda vyao wanavuta viko na kupiga soga. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kuvuta ni mambo ya wanaume tangu zamani, mwambie akasome tena.

Ila kiko cha bibi na sigara ya mume wako havifanani, na hapa ndipo naomba usikilize.

Tumbaku iliyokaushwa juani au kivulini moshi wake ni mkali. Unakaba. Mvutaji wake mara nyingi anaishia kuuzungusha mdomoni na kuutoa. Mwaka 1839 huko North Carolina, Marekani, inasimuliwa kwamba kijana mtumwa aitwaye Stephen alipitiwa na usingizi akilinda moto wa kukaushia tumbaku ya bwana wake. Kuamka, moto unakaribia kuzima, akakimbilia makaa ya mkaa. Joto likapanda ghafla, majani yakatoka ya njano ya kung'aa. Majani ya namna ile yakikauka kwa joto, sukari inabaki ndani, na moshi wake ni laini. Unaweza kuuvuta mpaka chini kabisa ya mapafu bila kupaliwa. Na mapafu ndiyo njia ya mkato: nikotini ikiingia kwa njia hiyo inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Haraka kuliko hata sindano niliyozoea kumchoma mtu mkononi.

Wewe uliyezaliwa Ushetu, au Urambo, au Kaliua, umeshajua naongelea nini. Ndiyo tumbaku ya mvuke. Ndiyo lile bani la matofali la baba yako, na kuni zinazokeshewa karibu wiki nzima.

Nisikufiche, ada yangu ya diploma ya uuguzi imetoka kwenye bani kama hilo. Tulikuwa tunachuma majani asubuhi yakiwa bado na umande, tunayakumbatia, nguo zinalowa chapachapa. Saa nne tunaanza kizunguzungu na kutapika. Nyumbani wakasema ni malaria, tukameza dawa za malaria. Nimekuja kuelewa nikiwa chuoni kwamba ile ilikuwa nikotini imepita kwenye ngozi, yaani ni sumu inayowapata wachumaji wa tumbaku duniani kote. Mtoto wa miaka tisa alikuwa anapata nikotini bila kuvuta hata sigara moja. Ukiona mtoto wako wa shamba la tumbaku anatapika siku ya kuchuma, usimpe tu dawa ya malaria bila kupima. Mvue zile nguo, muogeshe, mpeleke kituoni.

Zao lenyewe Urambo lilipata nguvu baada ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951. Karanga zilikataa, mashamba na matrekta yakabaki, wakageukia tumbaku. Ikasambaa Tabora, ikafika kwetu, na chama chetu kikuu cha ushirika, KACU, kimeshughulika nayo miaka mingi pamoja na pamba. Simlaumu mkulima. Nimekula ugali wa tumbaku.

Jani laini likawa limepatikana, ikabaki kulifunga. Sigara zilisokotwa kwa mkono mpaka miaka ya 1880, James Bonsack wa Virginia alipotengeneza mashine yake. Mashine moja ilifikia sigara 200 kwa dakika. Kuanzia hapo kuvuta hakuhitaji tena kiko, kigoda wala jioni. Zikaja vita kuu mbili, majeshi yakagawa sigara kama posho, mamilioni ya wanaume wakarudi makwao wakiwa watumwa wake. Na mwaka 1961, mwaka wetu wa uhuru, kiwanda cha sigara kikafunguliwa Dar es Salaam. Baada ya hapo ni duka la mangi na yule kijana wa kutembeza karanga na sigara moja moja, na hiyo moja moja ndiyo mtego mkubwa kwa anayetaka kuacha. Pakiti nzima unaiwazia mara mbili mfuko ukiwa mwepesi. Moja huiwazii.


SEHEMU YA 2

Baba yangu alikuwa anavuta ishirini kwa siku. Sigara moja ni kama mikupuo kumi. Piga hesabu: ubongo wake ulipokea nikotini mara 200 kila siku, mara 73,000 kwa mwaka. Hakuna kitu kingine ambacho binadamu anakirudia hivyo. Hata jina la mkewe hakulitaja mara hizo.

Alijaribu kuacha mara nyingi. Nazikumbuka kwa sababu sisi watoto ndio tuliokuwa tunamwashia sigara kwa kaa la moto jikoni, kwa hiyo akiacha tunajua. Siku ya kwanza anaimba. Ya pili yuko kimya. Ya tatu anampiga mbuzi teke, mama anatoa sarafu kwenye khanga, ananituma dukani. "Kimbia mwanangu, baba yako atatuua." Nilikimbia. Sikujua kwamba kila safari yangu ya dukani ilikuwa inamrudisha mwanzo.

Leo sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18. Ukimtuma mwanao, unamtuma akavunje sheria.

Usidhani ni mama yangu tu ambaye hakuelewa. Wakubwa wa dunia nao walichelewa. Mwaka 1950 Richard Doll na Bradford Hill, watafiti wa Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu wengi mno walikuwa wavutaji. Mwaka 1964 mganga mkuu wa Marekani akatoa ripoti nzito iliyosema wazi sigara inasababisha saratani. Lakini ripoti hiyohiyo, ilipofika kwenye swali la kwa nini mtu hawezi kuacha, ikasema ni mazoea tu, si uraibu. Ikachukua miaka 24 mingine, mpaka 1988, ndipo ofisi hiyohiyo ikatamka kwamba nikotini inamfunga mtu kama zinavyofunga heroini na kokeni. Na mwaka 1994 wakuu saba wa kampuni za sigara za Marekani walisimama mbele ya Bunge lao wakiwa wameapa, mmoja baada ya mwingine wakasema wanaamini nikotini haimfungi mtu. Saba! Basi mama mwenye sarafu kwenye khanga asilaumiwe sana.

Walioanza kuishughulikia arosto yenyewe, zile siku za mwanzo, walikuwa watu wa vitendo zaidi kuliko maprofesa. Miaka ya mwanzo ya 1960 huko Marekani, Wasabato wawili, mchungaji Elman Folkenberg na daktari Wayne McFarland, walitengeneza mpango wa siku tano. Watu wanakutana jioni tano mfululizo. Kwa nini tano? Kwa sababu waliona kwamba mtu akivushwa siku hizo za mwanzo, mzigo mzito umeshapita. Maelekezo yao yalikuwa ya nyumbani kabisa: kunywa maji mengi na juisi ya matunda, oga, vuta pumzi ndefu, acha kahawa, pombe na vyakula vya viungo vikali kwa siku hizo, na ukimaliza kula usikae kwenye kiti chako cha kuvutia, toka utembee. Pia walimpa kila mtu mwenzake wa kumtafuta hali ikiwa mbaya. Mimi nimesoma mambo mengi ya kitaalamu, na nakuambia sehemu kubwa ya tunayomwambia mgonjwa leo bado inafanana na hayo. Ule mpango ulisambaa duniani na ukawasaidia hata watu ambao kanisani hawakanyagi.

Njia ya pili ilitoka chini ya bahari. Kwenye nyambizi za Sweden huwezi kuvuta, hewa ni ya kugawana. Daktari Claes Lundgren akagundua mabaharia wale hawahangaiki kama alivyotegemea, kwa sababu walikuwa wanabandika tumbaku kwenye fizi. Akamwandikia Ove Fernö wa kampuni moja ya dawa, mwaka 1967: inaonekana mwili unadai nikotini, haudai moshi. Fernö naye alikuwa mvutaji anayetaka kuacha. Wakatengeneza bigijii yenye nikotini, ikaruhusiwa kwanza Uswisi mwaka 1978. Mtu anatafuna, arosto inapungua makali, mapafu yanapumzika, halafu dozi inashushwa wiki kwa wiki. Baadaye likaja bandiko la ngozi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likaviingiza vyote viwili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwetu hapa si kila duka la dawa utazikuta, ila muulize mfamasia, na mwenye mimba au anayenyonyesha apite kwanza kwa daktari.

Kuna swali naulizwa kila mara: aache ghafla au apunguze taratibu? Mwaka 2016 watafiti wa Oxford waliwagawa wavutaji karibu 700, nusu waache ghafla, nusu wapunguze kwa wiki mbili ndipo waache. Wote walipewa ushauri na dawa za nikotini. Baada ya wiki nne, waliokuwa bado hawavuti ni asilimia 49 kwa walioacha ghafla, na asilimia 39 kwa waliopunguza. Kwa hiyo aliyekanyaga pakiti yake nje ya wodi hakukosea. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyemwambia siku ya tatu ina nini. Hapo ni sisi watu wa afya tulioteleza, na mimi nimo.


SEHEMU YA 3

Haya mama, turudi chumbani kwako.

Nikotini haikai mwilini sana. Kila baada ya kama saa mbili nusu yake inakuwa imetoka. Kufika siku ya tatu imekwisha kabisa, na ubongo uliozoea mikupuo 200 unapiga yowe. Ndiyo maana siku tatu za kwanza ndizo kali, wiki ya kwanza bado nzito, na kati ya wiki mbili hadi nne makali yanakuwa yamekatika. Hasira, kukosa usingizi, njaa ya vitu vitamu, choo kigumu, hata kukohoa zaidi kuliko alipokuwa anavuta, vyote hivyo vinatarajiwa. Wengi wakiona kikohozi kimezidi wanasema "sigara ndiyo ilikuwa inanituliza kifua," wanarudia. Lakini mume wa machimboni akikohoa wiki mbili au zaidi, awe ameacha au hajaacha, apimwe kifua kikuu. Vumbi la mwamba na moshi wa sigara ni ndugu wawili wabaya, na TB anaileta mpaka kwenye kitanda cha mtoto.

Kitu ambacho ningependa mama yangu angekijua: arosto haiji kama mvua ya masika, kutwa nzima. Inakuja kwa mawimbi. Wimbi moja linapanda, linafika juu, linashuka, mara nyingi ndani ya dakika tatu hadi tano, awe amevuta au hajavuta. Inaonekana kama saa nzima. Mwambie aangalie saa ya simu wimbi likianza. Baba yangu, alipokuja kufanikiwa, alikuwa anapasua kuni. Wimbi likija anachukua shoka. Tulikuwa na kuni za kutosha mpaka za kugawia majirani.

Dakika hizo tano zinahitaji mdomo na mikono viwe na kazi. Maji ya baridi kwa mikupuo midogo. Karanga, muwa, mbegu za maboga, na kwa sisi Wasukuma na Wanyamwezi kuna matobolwa, yale makavu ya kutafuna mpaka taya lichoke, mimi sijaona bigijii inayoyafikia. Kupiga mswaki nako kunasaidia. Kama wimbi linakuja na chai ya asubuhi, hiyo wiki anywe uji. Kama linakuja baada ya ugali, asibaki amekaa pale pale, anyanyuke akateke maji au amzungushe mtoto nje. Pombe aiache kabisa kwa hizo wiki. Wengi niliowaona wakirudi, wamerudi wakiwa na chupa mkononi. Na pale anapotoka kwenye duara, wenzake wamekaa kwenye kifusi wanagawana kipisi, aende moja kwa moja kunawa na kula. Akiwaambia wenzake mapema kwamba ameacha kwa sababu ya mtoto, wapo watakaomcheka, lakini nimeona pia wanaomfichia kiberiti.

Wewe je? Kwanza ujue hasira ile haikuhusu wewe, lakini haimpi ruhusa ya kukupiga wala kumtisha mtoto. Akifika huko, ondoka na watoto uende kwa mtu unayemwamini. Arosto haijawahi kuwa kibali cha ngumi. Ikiwa ni makelele tu na uso wa kukunja, usianze kumkumbusha madeni wiki hiyo. Usimhesabie mbele za watu. Na ile sarafu iache kwenye khanga.

Kwa wewe mama unayevuta mwenyewe, maana mpo na mnaniandikia kwa siri: utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha wanaotumia tumbaku Tanzania ni asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Mpo wachache na mnajificha sana, ndiyo maana hamsaidiwi. Ukiwa mjamzito mwili unaisafisha nikotini haraka kuliko kawaida, kwa hiyo arosto inakurudia mapema zaidi. Huo ni mwili wa mimba unafanya kazi yake, si kwamba wewe ni dhaifu kuliko wengine. Sema kliniki, hata kwa sauti ya chini. Sigara kwenye mimba inazaa mtoto mwenye uzito mdogo, njiti, na kila siku unayoipunguzia mimba moshi ina faida, hata kama ni mwezi wa nane. Hewa chafu ya moshi, ile kaboni monoksaidi inayomnyang'anya mtoto oksijeni, inatoka kwenye damu yako ndani ya siku moja au mbili tu.

Wanaotumia ugoro wasijione wamepona. Ule unachanganywa na magadi, na magadi ndiyo yanayoifanya nikotini ipenye upesi. Ugoro nitauandikia sehemu yake.

Yule mama mtoto wake aliruhusiwa Ijumaa. Juzi amenitumia ujumbe: "Sista, siku ya kumi na moja. Alianguka siku ya sita, msibani, alivuta moja. Nihesabu upya?" Nimemwambia asihesabu upya, siku zile tano alishazilipia. Amtafutie tu cha kutafuna akienda kwenye arobaini, maana watu watakuwa walewale na kiberiti kilekile. Kasema matobolwa yapo, mama mkwe kaleta debe zima kutoka kijijini.